MTI NAO UNAKWISHA KAMA DHAHABU

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA NA WANANCHI WOTE*

_Hii ni hotuba ya uongozi iliyosomwa kwenye mkutano wa tawi. Tunaituma hapa kama ilivyosomwa ili ndugu waliokuwa shambani na machimboni nao waipate. Tafadhali ifikishe kwenye makundi ya vitongoji vyote._



Jambo lililotukutanisha ni moja. Katika Mkutano Mkuu wa Kijiji unaokuja, wananchi wataulizwa kama msitu wa kijiji uliobaki ng'ambo ya korongo ufunguliwe wote kwa wanunuzi wa mkaa kutoka mjini. Wanunuzi hao wameahidi kuezeka madarasa mawili ya shule yetu yaliyoishia kwenye lenta. Ahadi hiyo si ndogo, na mzazi ambaye mtoto wake anasomea chini ya mti ana haki ya kuitamani.

Wanaounga mkono ombi hilo, wakiwemo baadhi ya wanachama wetu, wana hoja ambayo tumeisikia mara nyingi wiki hizi. Wanasema mti ni nishati jadidifu, ukikatwa unaota tena, kwa hiyo kijiji hakipotezi kitu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na haifai kujibiwa kwa kelele. Tumekaa, tumeichambua, na leo tunaeleza tulipofikia.

*1. TUELEWANE KWANZA KUHUSU MANENO*

Nishati jadidifu ni ile ambayo asili inairudisha kwa kasi inayoweza kwenda sambamba na matumizi yetu. Jua la leo halipunguzi jua la kesho. Upepo, maji ya mito na joto la chini ya ardhi viko kwenye kundi hilo. Nishati isiyojadidifu ni ile inayochimbwa na kwisha: makaa ya mawe, mafuta ya petroli na dizeli, gesi asilia. Hivi vilitengenezwa ardhini kwa mamilioni ya miaka, na lori moja la dizeli likishaungua hakuna kizazi kitakachoishi kuona likirudi.

Sisi watu wa Chunya hatuhitaji mwalimu wa kutueleza maana ya kitu kinachochimbwa kikaisha. Dhahabu ya Lupa ilivuta watu kutoka pande zote miaka ya 1920 na 1930, wengine wakichekecha mchanga mitoni, na kwa wakati ule hapakuwa na eneo la dhahabu maarufu kuliko hili katika Tanganyika yote. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 migodi mikubwa ilikuwa imefungwa na watu wametawanyika. Dhahabu iliyobaki imebaki chini zaidi na kwenye miamba migumu zaidi, na kila gramu inadai jasho zaidi kuliko la babu zetu.

Sasa mti uko kundi gani? Vitabu vinauweka kwenye nishati jadidifu. Sisi tunasema mti unafanana na ng'ombe. Mwenye zizi la ng'ombe ishirini, akichinja kwa mwaka wale tu wanaozaliwa, atakula nyama maisha yake yote na kuwaachia wanawe zizi. Akichinja zaidi ya wanaozaliwa, zizi litaisha, na hakuna atakayejali kwamba ng'ombe ni mnyama anayezaa. Kuzaa hakumsaidii aliyekwisha kuchinjwa. Mti ukikatwa kwa kasi kuliko unavyoota, umeacha kuwa nishati jadidifu. Umekuwa kama dhahabu, unachimbwa.

*2. HALI YETU ILIVYO*

Katika wilaya yetu mti una midomo mingi inayoungoja.

Upo mdomo wa jikoni. Kaya nyingi za Tanzania zinapikia kuni au mkaa, na sisi hatuko nje ya hesabu hiyo.

Upo mdomo wa tumbaku. Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwenye mabani kwa moto usiozimwa usiku na mchana, siku tano hadi saba kwa kila bani, na kuni nyingi za kazi hiyo zinatoka kwenye miombo.

Upo mdomo wa machimbo. Maduara yanashikiliwa na matimba yasidondoke, na kila duara jipya linakula magogo yake.

Halafu upo mdomo wa mkaa wa biashara, ule unaopanda mlima kwenda Mbeya mjini na mbele zaidi. Huu ndio unaotuhusu leo. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za magogo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Zilizobaki zinakwenda na moshi na majivu. Chukua katikati, kilo 15. Gunia la kilo 50 unaloliona barabarani limekula zaidi ya kilo 300 za miti. Mnunuzi analipia gunia. Zile kilo zilizokwenda na moshi zimelipwa na kijiji.

Kwa nchi nzima, takwimu za serikali zinasema tunapoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Sababu ni nyingi, kilimo cha kuhamahama kikiwemo, lakini mkaa na kuni ni miongoni mwa kubwa. Na moshi wenyewe una bei yake: katika mjadala wa kitaifa wa nishati ya kupikia wa mwaka 2022 ilielezwa kuwa watu wapatao 33,000 hufariki nchini kila mwaka kwa maradhi yatokanayo na moshi wa majumbani. Wengi wanaokaa kwenye moshi huo ni mama zetu na watoto waliobebwa mgongoni.

*3. MAJIRANI ZETU WALIFUNDISHWA NA MAJI*

Tusidhani ni mti tu unaoweza kubadilika hivyo. Hata maji, ambayo kila mtu anayaita nishati jadidifu, yaliwahi kutugomea.

Mto Ruaha Mkuu unakusanya maji yake katika bonde la Usangu, kwa majirani zetu wa Mbarali, unapita Hifadhi ya Ruaha na kwenda kujaza bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Mtera ina mitambo ya megawati 80, na maji yakitoka hapo yanateremka kuzungusha mitambo ya Kidatu, megawati 204. Kwa miaka mingi hapo palikuwa tegemeo kubwa la umeme wa taifa. Kuanzia mwaka 1993 mto ule ambao ulikuwa haukauki ulianza kukatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Juu yake, mashamba ya umwagiliaji yalikuwa yameongezeka, mifugo imeongezeka, na ardhioevu ya Ihefu imebanwa.

Ukame wa mwaka 2006 ulipokuja juu ya hayo, nchi iliingia kwenye mgao wa umeme ambao wengi wetu tunaukumbuka. Mashine za kusaga zilisimama, saluni zilifungwa, na serikali ikalazimika kukodi mitambo ya dharura kwa gharama kubwa. Maji, nishati jadidifu, yaliposhindwa, pengo lilizibwa kwa nishati isiyojadidifu.

Kuna funzo jingine pale ambalo ni la kisiasa. Wenyeji wa Usangu walipochelewa kukubaliana wenyewe nani atumie maji kiasi gani, uamuzi ulifanywa na wengine. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa kwa operesheni, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya Usangu ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kijiji kisichopanga matumizi ya mali yake siku moja hukuta mpango umeletwa tayari, na mara nyingi hukuta jina lake halimo.

*4. HAKUNA NISHATI ISIYO NA GHARAMA*

Ndugu zetu, tawi hili halitawadanganya kwamba kuna nishati safi isiyodai chochote. Tuzitazame moja moja.

▪️ *Makaa ya mawe.* Mkoa jirani wa Songwe una mgodi wa Kiwira, ambao sasa uko chini ya STAMICO. Makaa yale yanatengenezewa mkaa mbadala wa kupikia unaopelekwa hata kwenye taasisi kubwa. Unaokoa miti, hilo tunalikubali. Lakini bado ni kitu cha kuchimbwa kinachokwisha, na moto wake ndani ya chumba kilichofungwa unaua kwa hewa ya sumu, sawasawa na mkaa wa miti. Anayetumia afungue madirisha.

▪️ *Gesi ya mtungi.* Nayo ni isiyojadidifu, na inafika nchini kwa meli. Hata hivyo haina moshi wa kumwumiza mama, na mtungi mmoja unaacha miti imesimama. Kwa hapa Chunya, gesi inayokwisha inaweza kuuacha msitu wetu salama kuliko mkaa unaoitwa jadidifu. Jina la kundi halitoshi, tazama kinachobaki ardhini baada ya kupika.

▪️ *Dizeli.* Ndiyo inayoendesha makarasha na pampu nyingi ambako umeme haujafika au unakatika. Bei yake inapangwa mbali na hapa, na oili chafu inayomwagwa chini inasubiri mvua iipeleke mtoni.

▪️ *Maji.* Mtambo wa Kihansi, katika safu za Udzungwa upande wa Iringa na Morogoro, unatoa megawati 180. Lakini maji yalipogeuzwa kuingia kwenye mitambo, mvuke wa maporomoko ulipungua, na chura mdogo asiyepatikana kwingine duniani akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Ilibidi vizazi vyake vilivyotunzwa Marekani virudishwe, kuanzia 2012 wakaanza kuachiliwa tena bondeni. Leo tunalo Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Maji ya Ruaha nayo yanaingia Rufiji. Kwa hiyo taa inayowaka hapa inategemea pia mkulima wa Usangu na mvua za Nyanda za Juu Kusini.

▪️ *Jua.* Chunya tumepewa jua la kutosha. Mgodi wa New Luika, kwa wenzetu wa Songwe ambao zamani tulikuwa wilaya moja, ulifunga paneli za jua ili kupunguza dizeli. Tatizo la jua liko kwenye betri: zinakufa, na betri za risasi zikitupwa ovyo karibu na kisima zinaacha sumu. Betri mbovu irudi kwa fundi au kwa mnunuzi wa chakavu, isitupwe kwenye korongo.

▪️ *Joto la ardhini.* Ngozi, kwa majirani zetu wenye volkano, serikali kupitia kampuni ya TGDC inatafuta mvuke wa kuzalisha umeme. Tunaiombea kazi hiyo mafanikio, ila hatuwezi kuitegemea kupikia ugali wa leo.

*5. MTI UNARUDI KWA MASHARTI*

Turudi kwenye msitu wetu. Ni kweli kwamba miombo inajua kurudi. Myombo na mtundu vikikatwa, kisiki huchipua, na mizizi iliyoko chini inampa mtoto nguvu kuliko mche wa kupandwa. Wazee wetu wanalijua hili kabla ya mtaalamu yeyote. Lakini wanajua pia masharti yake: kisiki kisichimbwe, pasilimwe, mifugo isiingizwe mapema, na moto wa Septemba na Oktoba usipite juu ya machipukizi. Moto wa mwisho wa kiangazi ndio muuaji mkubwa, kwa sababu majani yamekauka na upepo unavuma.

Wapo wenzetu waliolifanyia kazi hili. Katika Wilaya ya Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji vikisaidiwa na mashirika ya TFCG na MJUMITA viligawa sehemu ndogo ya msitu wao kwa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kinavunwa kitalu kimoja na cha pembeni yake kinaachwa, kama dirii za ubao wa drafti. Kitalu kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24. Mvunaji anakata kwa kipimo, anaacha miti ya mbao na ya nyuki, na ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji. Fedha hiyo imejenga madarasa na zahanati. Mkaa wa namna hiyo unastahili kuitwa jadidifu.

Sasa linganisheni na ombi lililo mbele yetu: msitu wote, kwa msimu mmoja, bila vitalu, bila miaka ya kupumzisha, na baada ya lori la mwisho hakuna anayejua wanunuzi watakuwa wapi.

*6. MSIMAMO WA TAWI*

Kwanza, tunapendekeza wananchi walikatae ombi hilo kama lilivyo.

Pili, tunapendekeza Serikali ya Kijiji, pamoja na Kamati ya Maliasili, iombe wataalamu wa misitu wa Halmashauri ya Wilaya na wa TFS waje kupima msitu na kuandaa mpango wa usimamizi pamoja na sheria ndogo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji nafasi ya kuwa na hifadhi yake ya msitu na kunufaika nayo. Haki hiyo ni yetu, haihitaji kuombwa kwa mnunuzi.

Tatu, uvunaji ukianza uwe wa vitalu, na nafasi za kwanza wapewe vijana wa kijiji hiki ambao tayari wanaishi kwa tanuri. Hatuwezi kusimama hapa na kuwaita wahalifu watoto wetu wenyewe. Wafundishwe matanuri bora yanayotoa mkaa zaidi kwa mti uleule, na wafuate vibali.

Nne, wakulima wa tumbaku waendelee kupanda miti kwa ajili ya mabani, na iwe miti inayohesabiwa ikiwa hai mwaka wa tatu. Kuhesabu miche siku ya kupanda, picha zikipigwa, hakukaushi tumbaku. AMCOS zikae na wanachama wao juu ya mabani bora yanayopunguza kuni.

Tano, shule yetu. Serikali ilikwisha kukataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kutumia kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034. Tutamwomba diwani wetu afuatilie jiko la shule lipate nishati nyingine. Haiwezekani tuezeke darasa kwa mkaa, halafu tupike uji wa darasa hilo kwa kuni ambazo hazipo tena.

Sita, nyumbani kwetu. Waliounganishiwa umeme kwa shilingi 27,000 ya vijijini wajue kwamba sufuria la maharage kwenye jiko la presha la umeme linaiva kwa chini ya yuniti moja. Kwa mteja mdogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, yuniti hiyo ni takriban shilingi 122. Linganisheni wenyewe na kopo la mkaa. Tunajua kinachokwamisha ni bei ya jiko lenyewe, ndiyo maana tunashauri vikundi vya kina mama vinavyochezesha upatu viweke zamu ya majiko kama wanavyoweka zamu ya vyombo.

*7. NA MADARASA JE?*

Hatutalikwepa swali hili. Tukikataa ombi, madarasa yatabaki kwenye lenta siku chache zaidi. Kwa hiyo tawi linawaomba wananchi wakubali mambo mawili katika mkutano huohuo: mchango wa kila kaya kadri ya uwezo wake, fedha au nguvu kazi, na barua ya kijiji kwenda Halmashauri kuomba mabati. Viongozi wa tawi tutakuwa wa kwanza kwenye orodha ya michango, na orodha hiyo itabandikwa ukutani katika ofisi ya kijiji.

Bati likipigiliwa kwa mchango linabaki kuwa bati. Likipigiliwa kwa msitu mzima, mtoto atakayekaa chini yake atamaliza shule ya msingi akitembea kilomita nyingi kumtafutia mama yake mzigo wa kuni, na asali tunayoiuza leo ataisikia kwenye hadithi.

Tunamaliza kwa kukumbusha kwamba msitu ule si wa Chama. Ni wa kijiji, na wenye itikadi nyingine wana kura sawa na sisi. Kazi yetu ilikuwa kusema tunachoamini na kutoa sababu. Asiyekubaliana nasi aje na sababu zake, tumsikilize. Muhimu aje. Siku na saa vitatangazwa na Mtendaji wa Kijiji, na mabalozi wapite nyumba kwa nyumba.



_Imetolewa na:_
*Uongozi wa Tawi*
*kupitia Katibu Mwenezi*
Chunya, Mbeya